Usiguse darubini kwa risasi moja

Kila mwaka, kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa Julai, bunduki nyingi hupita mikononi mwangu hapa Manyoni zikielekea mapori ya akiba ya Muhesi na Rungwa. Lalamiko ni lile lile kuhusu darubini, kile kioo cha kulengea kilicho juu ya bunduki: "Mzee, darubini imehama." Mara nyingi haijahama popote.

Mwaka jana kijana mmoja alileta bunduki ya .30-06. Alipiga risasi moja kwa mita 100, ikaenda sentimita nne kulia. Akasogeza darubini. Ya pili ikaangukia kushoto, akairudisha. Boksi zima la risasi 20 likaisha hivyo, na bado hakujua bunduki yake inapiga wapi. Iliniuma, maana risasi ni ghali.

Nikampa tano zangu. Nikamwambia alenge alama ile ile, asiguse kitu, aache mtutu upoe kila anapopiga. Matundu yalitawanyika sentimita sita, na katikati yake palikuwa sentimita mbili juu ya alama. Hapo katikati ndipo bunduki inapopiga. Tundu moja moja ni mtawanyiko tu. Kwenye darubini yake mlio mmoja wa kirekebishio ni robo dakika ya pembe (dakika moja ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja), kama milimita 7 kwa umbali ule. Milio mitatu kushuka, kazi ikaisha. Hata matundu matatu nayaogopa: ukiendelea hadi kumi, kundi karibu kila mara hupanuka.

Kisha nikakagua mfuko wake. Alichanganya risasi za greni 150 na za 180, yaani gramu 9.7 na 11.7. Nyepesi hutoka kwa kasi zaidi, tena mtutu hutikisika risasi ikiwa bado ndani, kwa hiyo kila uzito huachiwa mtutu ukiwa umeelekea kwingine. Ile bunduki ya .375 H&H ya Uingereza, aina ya mwaka 1912, inasifiwa kwa kuzipeleka risasi za uzito tofauti karibu pamoja. Naipenda sana kwa sababu hiyo, lakini hata hiyo naipima upya nikibadilisha risasi. Nunua aina moja, na namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi iwe moja. Wenzetu wa Marekani wanaojaza risasi wenyewe hupima baruti ya kila ganda kwenye mizani wakitafuta jambo hilo hilo: risasi ya leo ifanane na ya jana.

La mwisho ni jua letu. Risasi zikiachwa juu ya dashibodi ya Land Cruiser mchana kutwa, baruti hupata joto na huwaka kwa nguvu zaidi. Mgandamizo hupanda, kasi hubadilika, na ganda linaweza kung'ang'ania chemba lisitoke. Kwa swala utapoteza nyama. Kwa nyati aliyejeruhiwa, anayekujia kutoka kichaka cha Itigi, risasi ya pili ndiyo unayoihitaji. Zangu hukaa kwenye mkoba wa ngozi, chini ya kiti, kivulini.