Figo hudhurika bila kuuma: yanayoziponza za watu, paka na mbwa

Mtu anaharisha na kutapika tangu jana, bado anameza dawa zake za presha, na kwa kuwa kichwa kinamgonga anaongeza ibuprofeni au diklofenaki. Yote ni mambo ya kila siku. Yakikutana, figo zinaweza kudhurika ndani ya siku mbili.

Takribani moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo hupita kwenye figo, na bila msukumo huo hakuna kuchuja. Maji yakipungua mwilini, figo hujihami: hutanua mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye chujio na kubana ule unaoitoa. Ibuprofeni na wenzake huzuia ule wa kwanza kutanuka. Enalaprili na losartani, ambazo ni dawa za presha, hulegeza ule wa pili. Dawa za kukojosha nazo huzidi kukausha maji. Kwa hiyo anayeharisha aepuke ibuprofeni na diklofenaki. Parasetamoli kwa kipimo chake ni afadhali. Za presha asiziache kienyeji, bali amuulize daktari siku hiyo hiyo kama azisimamishe kwa muda.

Usingoje kiuno kiume, maana mara nyingi hakiumi. Tazama mkojo: mtu wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 180 kwa saa 6, hiyo ni hatari. Hata anayekojoa vizuri anaweza kuwa ameumia, ndiyo maana hupimwa kreatinini kwenye damu, yaani taka ya misuli ambayo figo huichuja. Ikifika mara 1.5 ya kiwango chake cha kawaida ndani ya wiki, figo zimedhurika. Malaria kali, maambukizi yaliyosambaa kwenye damu, sindano za gentamisini (dawa ya kuua bakteria) na tezi dume iliyoziba mkojo huleta hali hiyo hiyo.

Kwa wanyama, vyanzo vingine humshangaza mwenye nyumba. Paka akilamba chavua ya yungiyungi (ua la lili) iliyonasa manyoyani, au akinywa maji ya chombo cha maua hayo, figo zinaweza kufa. Mbwa huponzwa na zabibu, mbichi au kavu, na hakuna anayeweza kukuhakikishia ni ngapi zisizodhuru. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa tone la mkojo amezibwa njia ya mkojo: potasiamu hupanda kwenye damu, moyo husimama. Huyo hasubiri kesho.

Kulanti ya gari, yaani maji ya kupozea injini, ni mbaya zaidi. Ina ethilini glikoli, tena ni tamu. Mnyama hupepesuka kama mlevi, kisha huonekana amepona huku figo zikiharibika. Paka anahitaji kiuasumu ndani ya saa 3 hivi, mbwa ndani ya saa 8 hadi 12. Sumu hiyo na ndugu yake, dayathilini glikoli, ndizo zilizokutwa mwaka 2022 kwenye dawa za maji za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya makumi ya watoto nchini Gambia.

Homa ya mgunda (leptospirosisi), ambayo nayo hudhuru figo, haibagui mtu na mnyama. Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa panya, humpata mbwa, na mkojo wa mbwa huyo huweza kumwambukiza anayeufuta. Vaa glavu, na mpeleke mbwa akachanjwe.

Unapokimbilia hospitali au kwa daktari wa mifugo, beba pakiti ya dawa au jani lililotafunwa, na taja saa tukio lilipotokea.