Mgongo wa Earl Campbell

Ninapowafundisha wanafunzi wa fiziotherapia kuhusu kusinyaa kwa mfereji wa uti wa mgongo, mchezaji ninayemrudia daima ni Earl Campbell, aliyecheza futiboli ya Kimarekani. Alizaliwa mwaka 1955 huko Tyler, Texas, katika familia ya watoto 11 iliyofanya kazi kwenye mashamba ya waridi, na mwaka 1978 timu ya Houston Oilers ilimchukua akiwa chaguo la kwanza kati ya wachezaji wapya wa ligi nzima.

Kazi ya mbeba mpira katika futiboli ya Kimarekani ni kukabidhiwa mpira na kupenya nao katikati ya watu wanaotaka kumwangusha. Wengi huponea kwenye chenga. Campbell, mwenye kilo kama 105, aliwaendea moja kwa moja. Septemba 1978 alimwinamia Isiah Robertson, mlinzi wa Los Angeles Rams, akamgonga kifuani kwa kichwa na kumpita juu, kisha akaendelea na mbio huku jezi ikichanika mwilini. Hata mimi ninayeijua gharama yake, bado ninaustaajabia uwezo ule.

Aliongoza ligi kwa yadi za kukimbia, yaani umbali anaousogeza mpira kwa mbio, misimu mitatu mfululizo. Wapenzi wa mchezo hukumbuka yadi 1,934 za mwaka 1980. Mimi huangalia namba nyingine ya msimu huohuo: alibeba mpira mara 373 katika mechi 15, yaani karibu mara 25 kila mechi. Wapo wanaosema angejifunza kukwepa. Sikubaliani nao. Timu nzima iliegemea mgongo wa mtu mmoja, na waliokuwa wakimkabidhi mpira walikuwa na hiari ya kumpumzisha.

Si lazima mgongo uvunjike siku moja ndipo uharibike. Diski zilizo kati ya pingili hupata damu kidogo sana, kwa hiyo hupona polepole. Zikigongwa tena kabla hazijapona, hupungua kimo. Viungo vya nyuma ya pingili hubeba uzito usio wao na kuota mifupa ya ziada, kano huwa nene, na nafasi ya mishipa ya fahamu inabanwa kutoka pande zote. Mgonjwa hulalamika kuwa akisimama wima miguu inawaka moto au kufa ganzi, ila akiinama na kuegemea kitu anapata nafuu. Mimi humwomba atembee kwa visigino. Kama mshipa unaoinua wayo umeumia, vidole haviinuki, na hatua inasikika ikipiga sakafu, pwa, pwa.

Campbell alifikia hapo. Alihamishiwa timu ya New Orleans mwaka 1984, akastaafu mwaka 1986 akiwa na miaka 31. Jumla ya yadi zake ni 9,407. Ukizigeuza ni kilomita 8.6 tu, alizozipata kwa kubeba mpira mara 2,187. Baadaye aligundulika ana mfereji uliosinyaa. Nyayo zilikuwa hazipandi, magoti yakabadilishwa, mgongo ukapasuliwa, na kuna vipindi alivyotegemea kiti cha magurudumu. Dawa kali za maumivu, zikichanganywa na pombe, zikamteka, hadi mwaka 2009 wanawe walipomsukuma aingie kwenye matibabu ya uraibu. Ninawaheshimu sana vijana wale. Dawa za jamii ya afyuni hunyamazisha maumivu bila kupanua mfereji hata milimita moja, na mwili ukishazizoea hudai zaidi.

Kwa muda mrefu Campbell aliamini matatizo yake yalikuwa ya kuzaliwa nayo. Mwaka 2012 alikiri kwamba huenda sehemu yake ilitokana na namna alivyocheza. Huenda yote mawili ni kweli, kwani aliyezaliwa na mfereji mwembamba ana nafasi ndogo zaidi ya kupoteza. Kwa hiyo anapokuja kijana wa raga mwenye ganzi mguuni, sitosheki na swali la lini aliumia. Nataka kujua anagongwa mara ngapi kwa wiki, mazoezini na kwenye mechi, na anapumzika siku ngapi katikati.