Priampu ya valvu ya bei nafuu: uliza namba kabla ya kuvutiwa na mwanga

Priampu ni kifaa kinachokaa kati ya chanzo cha muziki na amplifaya, na valvu ni ile taa ya kioo yenye filamenti inayokuza ishara. Mtu akiniuliza anunue priampu gani ya valvu, nami humuuliza: amplifaya yako inayosukuma spika inataka volti ngapi ili itoe nguvu zake zote, na ukinzani wa tundu lake la kupokelea ni omu ngapi? Wengi hunitazama tu, maana walitarajia nitaje chapa. Lakini namba hizo mbili zimo kwenye kijitabu kilichokuja na amplifaya, na zina uzito kuliko jina lolote lililochapwa kwenye kioo cha valvu.

Tuanze na volti. Mashine ya CD au DAC ya kawaida (kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa ishara ya umeme) hutoa volti 2 hivi ishara ikiwa juu kabisa. Amplifaya nyingi huridhika na volti 1 hadi 1.5. Maana yake ishara inatosha na kubaki kabla haijafika kwenye priampu. Kazi iliyobaki ni kuchagua chanzo, kupunguza sauti, na kuisukuma ishara kwenye waya bila kuichosha. Sasa chukua priampu rahisi yenye valvu ya 12AU7 iliyofungwa kwa mtindo wa kawaida, inayokuza kama mara 14. Volti 2 zingekuwa 28, karibu mara 19 ya zile 1.5 zinazotakiwa. Ukiweka valvu ya 12AX7 mambo yanazidi, kwa kuwa hiyo hukuza zaidi ya mara 50 bila taabu.

Matokeo yake utayaona kwenye nobu ya sauti. Ukiigusa kidogo tu, nyumba inatikisika, kwa hiyo unabaki kusikiliza ikiwa imefunguliwa kiduchu. Huko mwanzoni ndiko potenshiometa (kipunguza-sauti kinachozungushwa na nobu) za bei rahisi hazilingani: upande wa kushoto unasikika, wa kulia unajikokota. Halafu kuna kelele. Kwa kawaida potenshiometa hukaa kabla ya valvu. Ukipunguza sauti unapunguza ishara inayoingia, lakini mvumo wa valvu yenyewe unabaki vilevile na kwenda moja kwa moja hadi kwenye spika. Mwenye spika za desibeli 95 kwa wati moja, yaani zinazopaza sauti kwa nguvu kidogo tu, atausikia akiwa amekaa kitini. Ndiyo maana natafuta priampu inayokuza kidogo, mara 2 hadi 4, na muuzaji akijigamba kwamba yake inakuza sana, huwa naendelea na safari yangu.

Ile 12AX7 iachie kazi ya santuri, ambako sindano hutoa milivolti chache na ukuzaji mkubwa unahitajika kweli. Kwa priampu ya kawaida napendelea 12AU7, 6SN7 au 6DJ8, zikiwa na saketi inayorudisha sehemu ya ishara nyuma ili kupunguza ukuzaji, au zikimalizia na kifuata-kathodi, yaani hatua ambayo haikuzi chochote bali huipa ishara nguvu ya kusukuma.

Hapo ndipo swali la omu linapoingia. Kanuni ya mafundi ni kwamba ukinzani wa kupokelea wa amplifaya uwe angalau mara kumi ya ukinzani wa kutolea wa priampu. Amplifaya za valvu huwa na omu 47,000 hadi 100,000, na hapo karibu kila kitu kinakubali. Amplifaya nyingi za transista, hasa zile ndogo za daraja la D, zina omu 10,000 au pungufu. Ishara ikichukuliwa moja kwa moja kwenye anodi ya 12AX7 (mahali ishara iliyokuzwa inapotokea ndani ya valvu), ukinzani wa kutolea unafika makumi ya maelfu ya omu, na sehemu kubwa ya ishara inapotelea humo.

Kapasita ya kutolea, kijenzi kinachopitisha ishara ya muziki na kuzuia volti za DC (umeme usiobadili mwelekeo), nayo ina neno lake. Yenye mikrofaradi 0.47, ikikutana na omu 47,000, huanza kukata besi kwenye hezi 7 hivi, chini kabisa ya uwezo wa sikio. Ikikutana na omu 10,000, mkato unapanda hadi hezi 34. Waya mnene kuliko yote wa gitaa la besi unapiga hezi 41, kwa hiyo tayari umeguswa. Watu husikia besi imekonda kisha wakailaumu valvu, wakati kapasita kubwa zaidi, mikrofaradi 2 au 3, ingemaliza shida.

Kuhusu umeme wenyewe, fungua macho. 12AU7 imeundwa kufanya kazi na volti 100 hadi 250 kwenye anodi. Kifaa kinachopokea volti 12 kutoka adapta ndogo kina njia mbili: kina saketi ya ndani inayopandisha volti, jambo ambalo si baya, au kinailisha valvu volti hizohizo chache. Zipo valvu zilizotengenezwa miaka ya 1950 kwa redio za magari zifanye kazi kwa volti 12, ila 12AU7 si mojawapo. Ikinyimwa volti, huanza kupotosha ishara mapema, na upotoshaji huo ndio unaouzwa kwa jina la sauti tamu. Sikatai kwamba valvu ina utamu wake: huongeza kidogo oktava ya juu ya noti, na sikio hulipokea hilo bila kinyongo. Lakini valvu iliyolishwa vizuri huongeza kwa kiasi.

Vifaa vingine havipitishi hata ishara kwenye valvu. Taa ya LED ya rangi ya chungwa imefichwa chini yake, na chipu ndogo inafanya kazi yote. Ukiwasha na muziki ukatoka papo hapo valvu ikiwa baridi, umeshapata jibu. Valvu halisi huhitaji sekunde kadhaa filamenti ipate moto.

Ukinunua iliyotumika, usiiunganishe kwanza. Iwashe, iache kama dakika mbili, kisha pima volti za DC kwenye matundu ya kutolea. Zikitulia karibu na sifuri, sawa. Zikibaki volti kadhaa, kapasita inavuja na inaweza kuiharibu amplifaya. Ukishaiunganisha, gonga valvu taratibu kwa penseli ukisikiliza spika: mlio wa kengele mdogo unavumilika, mkubwa unadai valvu nyingine. Valvu mpya za kampuni ya JJ kutoka Slovakia zinatosha kabisa. Za zamani zenye majina makubwa ziache, maandishi ya kwenye kioo hufutika na kuchapwa upya kirahisi mno. Wala usifungue kifuniko kwa sababu tu umechomoa waya wa umeme. Kapasita za ndani hubaki na volti 200 na zaidi kwa muda.

Kuna pia ambao nimewashauri wasinunue kabisa. Kama DAC yako inatoa volti 2 na nyaya ni fupi, potenshiometa nzuri ya omu 10,000 ndani ya kiboksi inatosha.

Ukishanunua, washa priampu kwanza, subiri nusu dakika, ndipo uwashe amplifaya. Wakati wa kuzima, amplifaya itangulie, la sivyo spika zitapokea mshindo.