Mvua ya vuli, mabati na kiti cha mbele

Novemba, saa kumi jioni hivi, mawingu ya upande wa Ngong yakishakuwa rangi ya makaa, Nairobi nzima huanza kukimbia. Watu wanaaga ofisini mapema, nauli ya matatu inapanda kabla hata tone la kwanza halijaanguka, na saa moja baadaye waliokimbia ndio haohao wamekwama Waiyaki Way wakitazama taa nyekundu za gari la mbele. Mimi ni fundi wa sauti. Kazi yangu huanza wenzangu wakitoka kazini, kwa hiyo huu ni mwaka wa kumi na nne nikipishana nao njiani, na siku hizi nasema bila kuona haya: hakuna majira matamu ya kufuatilia sanaa mjini humu kama vuli. Mradi ujue mvua inayafanyia nini masikio yako.

Vitabu vingine hutumia neno vuli kwa majira ya majani kupukutika huko Ulaya. Kwetu vuli ni mvua, zile fupi za Oktoba hadi Desemba. Kinachopukutika hapa ni maua ya mijakaranda, na yakilowa yanateleza kama ganda la ndizi. Muulize goti langu la kulia.

Mvua hizi zina tabia ya kusubiri alasiri au usiku. Na kuna jambo ambalo wengi hawalioni: mwanzoni mwa Novemba ndipo jua la Nairobi huzama mapema kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, karibu nusu saa kabla ya lile la Februari. Ukijumlisha na mawingu, saa kumi na mbili kasoro ni giza. Onyesho la nje lililopangwa kwa mwanga wa jioni usililipie tiketi mwezi huu.

Sasa nije kwenye paa.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nasimamia sauti ya mchezo kwenye ukumbi mmoja wa mtaani, mabati matupu juu, bila dari. Dakika ya ishirini mvua ikashuka. Nikafanya kosa ambalo kila fundi mchanga hulifanya: nikapandisha maiki. Nikapandisha tena. Spika zikapiga yowe, watu wakaziba masikio, na bado hakuna aliyesikia neno. Mwishowe mwigizaji mkuu, mzee mwenye busara kuniliko, akaja akaketi ukingoni mwa jukwaa, miguu ikining'inia, akatuashiria kwa mkono: sogeeni. Watu wakabeba viti vyao. Tulisubiri kama robo saa, akiwa amekaa tu anatutazama na sisi tunamtazama. Mvua ilipopungua akaendelea pale alipoachia, bila maiki. Nimesimamia maonyesho mengi tangu siku ile, na sijaona watu wametulia namna hiyo.

Kosa langu lilikuwa hili. Bati ni jepesi na limewambwa kama ngozi ya ngoma. Kila tone linalipiga, na matone ni maelfu kwa wakati mmoja. Kelele inayotoka haina noti moja, ni kama redio iliyokaa katikati ya stesheni mbili. Kelele ya aina hiyo huanza kwa kumeza konsonanti, kwa sababu sauti kama s, f, t na k ni pumzi tu, hazina nguvu. Irabu zinapona. Na Kiswahili chetu, ambacho karibu kila silabi yake inaishia kwa irabu, kinakuwa kitendawili: unasikia "a-a" vizuri kabisa, ila hujui kama mtu ametaja kaka, baba, papa au sasa. Ukipandisha spika unakuza zile irabu ambazo tayari zilikuwa zinasikika, na mwangwi wa ukumbi unazirundika juu ya konsonanti zilizobaki.

Alichofanya yule mzee ndicho kinachofanya kazi. Mahali pa wazi, kila umbali wako na msemaji ukiongezeka mara mbili, sauti yake inayokufikia moja kwa moja hupungua desibeli 6. Mvua nayo haina mbele wala nyuma. Iko juu ya kila kiti sawasawa. Kwa hiyo aliye safu ya pili anapata sauti nyingi juu ya kelele ileile inayomzamisha aliye safu ya kumi na sita. Usiku mkavu mimi mwenyewe ningekuambia ukae katikati, karibu na meza ya fundi, kwa sababu fundi hupanga sauti kwa masikio yake pale alipo. Usiku wa mvua, achana naye. Kaa mbele.

Kuna zawadi moja ndogo ya vuli ambayo huwa haitajwi. Watu wakija na sweta, makoti na mitandio, wao ndio wanakuwa godoro la ukumbi: nguo nzito hunyonya mwangwi. Ukumbi uliojaa watu wenye makoti unasikika safi kuliko uleule ukiwa nusu tupu.

Ila ngozi za ngoma zinateseka. Tuliwahi kuwa na kikundi cha isukuti, ile ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma zenyewe huenda tatu tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na zinawambwa kwa ngozi ya kenge, nyembamba kama karatasi. Mvua ilikuwa inanyesha tangu saa tisa. Nilipokuja kupima sauti ile ndogo ilikuwa imelegea, inalia "pwa" badala ya "ta". Nikaanza kugusa vitufe vyangu. Mpigaji akacheka. "Kaka, hiyo mashine yako haiwezi kukausha ngozi." Akanitoa nyuma ya jengo, chini ya kipaa, ambapo mwenzake alikuwa na jiko la makaa. Wakaishika ngoma juu ya joto, uso chini, wakiizungusha polepole kama mtu anayechoma hindi, na kila baada ya muda anaigonga kwa kidole kimoja na kusikiliza. Pwa. Pwa. Pa. Ta. Ngozi ikinyonya unyevu hulegea na sauti inashuka. Ikikauka inajivuta na sauti inapanda. Ukifika mapema kwenye onyesho la ngoma jioni ya mvua, zunguka nyuma utafute moshi.

Ukiniuliza jioni yenyewe niipangeje, mimi huanzia Archives, yaani Kenya National Archives, pale Moi Avenue ambapo nusu ya Nairobi hukutania na hawaingii ndani. Ingia, na uingie mapema, maana jioni wanafunga. Jengo lilikuwa la Bank of India, na ghorofa ya chini ndiko kuna mkusanyo wa Joseph Murumbi, mtu wa pili kuwa makamu wa rais wa Kenya, mwaka 1966, kwa miezi michache tu, kisha akaonekana kupenda vinyago na vitabu kuliko siasa. Dari liko juu, nyayo zinaitikia. Sehemu nyingine ya vitu vyake iko Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ambako zamani watu waliandikisha vizazi, ndoa na vifo. Moja linatosha kwa siku.

Mvua ikianza, uwe umeshafika Loita Street. Goethe-Institut na Alliance Française ni majirani, unaruka kutoka mlango mmoja hadi mwingine kabla nywele hazijalowa, na mara nyingi kuna picha ukutani za kutazama bure. Studio za wachoraji za Kilimani ziachie asubuhi ya Jumamosi. Rangi hukawia kukauka majira haya, kwa hiyo utakuta kazi ambazo bado ziko njiani, na mchoraji asiye na haraka.

Kutoka Loita, vuka University Way, upite chuo, ushike Harry Thuku Road. Kenya National Theatre ilifunguliwa mwaka 1952, na ilijengwa kuwa ukumbi wa maigizo tangu siku ya kwanza, tofauti na maghala tunayoyageuza siku hizi. Ni humo, Oktoba 1976, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, ulipomalizika na watazamaji wakakataa kwenda nyumbani, wakatoka wakiimba na kucheza hadi barabarani, mbele ya Norfolk Hotel. Nikiwa nakunja waya jukwaani huwa najaribu kusikia ule mlango ulivyolia watu walipousukuma.

Mimi hutoka mwisho, saa tatu na nusu hivi. Mvua huwa imeacha, mitaro inanguruma, maua ya mijakaranda yamejibandika kwenye vioo vya magari. Kwenye steji ya matatu, kondakta aliyekuwa akidai mia na hamsini saa kumi na mbili anagonga bodi kwa kiganja, sauti imemkauka: Kangemi hamsini, Kangemi hamsini.