Kuua mbwa hakumalizi kichaa cha mbwa

Wiki mbili zilizopita, kwenye mkutano wa kijiji, mzee mmoja alisimama akasema maneno ninayoyasikia tangu nianze kazi ya udaktari wa mifugo: "Daktari, hizo chanjo ni kupoteza hela. Toeni sumu, mbwa wote wanaozurura wafe, kichaa kiishe." Watu wakapiga makofi. Nilimjibu kwa adabu, kwa sababu ni mzee, na kwa sababu siku chache kabla yake mtoto wa jirani yake alikuwa ameng'atwa usoni. Lakini nilirudi nyumbani nimechoka na jambo hili, na ndiyo maana naandika.

Tuanze na huyo mnayemwita mbwa koko. Katika vijiji ninavyohudumia, mfuate jioni uone anakolala. Utamkuta mlangoni kwa mtu. Ana jina, mchana anaandamana na mbuzi, usiku anabweka fisi akisogelea zizi. Hafungwi tu. Ukimwua, mwenye boma hakai bila mbwa: baada ya muda mfupi atatafuta mtoto wa mbwa, pengine kutoka kijiji cha mbali, ambaye hajawahi kuguswa na sindano. Umemwondoa mwenye kinga, umemleta asiye nayo. Sumu haichagui. Baada ya msako mmoja nilizunguka kutazama mizoga, na shingoni mwa kadhaa nikakuta kola nilizowafunga kwa mikono yangu siku ya chanjo.

Tena watu wanawapenda mbwa wao kuliko wanavyokiri mkutanoni. Wakisikia msako unakuja, mbwa anapakiwa kwenye pikipiki anapelekwa kwa shemeji ng'ambo ya mto. Kama ameshang'atwa na mwenye kichaa, na ugonjwa bado umejificha mwilini, mmeusafirisha wenyewe. Kisiwa cha Flores, kule Indonesia, kichaa kiliingia mwaka 1997 na mbwa walioletwa kwa mashua. Wakaua karibu nusu ya mbwa wa kisiwa kizima, na kichaa kikabaki palepale. Kisiwa cha Bali, hukohuko Indonesia, nao walianza kwa kuua, kichaa kilipowafikia mwaka 2008. Vifo vya watu vilipanda hadi mwaka 2010, na vikaporomoka tu walipochanja mbwa kisiwa kizima.

Sababu yenyewe naomba isomwe taratibu, maana ndiyo kiini cha ugomvi wangu. Mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, huambukiza wenzake wasiozidi wawili. Wastani huo haushuki sana mbwa wakipungua, kwa sababu mbwa mgonjwa hamsubiri mwenzake amfuate. Hukimbia, pengine hata kilomita nyingi, hadi apate wa kung'ata. Kwa hiyo kupunguza idadi hakukusaidii. Lakini kwa kuwa wastani wenyewe ni mdogo, ukichanja mbwa 7 katika kila 10, mgonjwa akitoka anawakuta wengi wana kinga, na mnyororo unakatika. Pemba walifanya hivyo. Kichaa kilitoweka mwaka 2014, kikaingia tena mwaka 2016, wakachanja tena, na mwaka 2018 kikatoweka kwa mara ya pili.

Hapo nikiri kitu ambacho vitabu vyetu havikisemi kwa sauti. Hiyo asilimia 70 ni ya mbwa wangapi? Fomu ina safu ya idadi ya mbwa, na mara nyingi namba ninayoijaza nimeikadiria kwa kuhesabu kaya na kuuliza watoto. Nikiandika nimechanja asilimia 80, huenda ni 60. Hata ikiwa ni kweli leo, mwakani imeshuka, maana wengine wamekufa na wengine wamezaliwa. Na wastani wa wilaya unadanganya: kijiji kimoja kilichorukwa kwa sababu gari lilikwama kwenye tope kinatosha kuutunza ugonjwa mwaka mzima. Isitoshe, Pemba imezungukwa na bahari. Huku bara mbwa anavuka mpaka wa wilaya bila kumuuliza mtu, na sina hakika juhudi ya wilaya moja inatosha ikiwa jirani yake amelala.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nihangaike na mbwa wakati watu wanakosa dawa. Kichaa kinaua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na wanne kati ya kila kumi ni watoto wasiofika miaka 15. Dalili zikishatokea, hospitali haina cha kufanya. Aliyewahi kabla ya dalili anahitaji sindano kadhaa, kila moja na tarehe yake. Namjua mama aliyeuza mbuzi wawili kwa nauli na sindano, akafika hospitali akaambiwa zimekwisha, akatumwa mji mwingine. Mbwa aliyemng'ata mwanawe angechanjwa mara moja tu.

Uking'atwa: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, usipake pilipili, usibandike jiwe la nyoka, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na mbwa aliyekung'ata, kama anaweza kufungwa salama, afungwe, asiuawe. Akiwa hai na mzima baada ya siku 10, hakuwa na kichaa kwenye mate alipokung'ata. Mkimponda kichwa kwa hasira, mmeharibu ubongo ambao maabara inauhitaji kutupa jibu. Sindano usizingoje hizo siku 10, anza.

Baada ya mkutano nilimfuata yule mzee.

"Shikamoo, baba. Kwako mna mbwa wangapi?"

"Marahaba. Watatu, na jike ana watoto."

"Utawaleta Jumamosi?"

"Wakubwa nitawaleta. Wadogo tuliambiwa wangoje miezi mitatu."

Aliambiwa kweli, tena na watu wa taaluma yangu. Ndivyo tulivyofundishwa. Lakini kampeni inapita mara moja kwa mwaka. Ukiwaacha wadogo leo, utakaporudi wameshakuwa wakubwa, wameshazurura mwaka mzima bila kinga, na katika vijiji vyetu wadogo ni sehemu kubwa ya mbwa wote. Siku hizi tunachanja wa umri wowote. Kama kinga ya mtoto wa wiki nne inakaa sawa na ya mama yake, bado nina wasiwasi kidogo, hivyo wadogo nawawekea alama daftarini ili mwaka unaofuata niwaulizie kwanza.

Jumamosi wajukuu wa mzee walikuja na wakubwa kwa kamba na wadogo watano ndani ya ndoo. Nilichanja wote, nikaandika: kaya 1, mbwa 8. Namba hiyo sikuikadiria.