Upepo wa Chini Ndio Unaomaliza Vifaranga

Juni na Julai simu zetu sisi tunaohudumia mifugo milima ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, huanza kulia kabla ya jua. Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa miezi hiyo joto hushuka hadi karibu nyuzi 10 za Selsiasi. Mfugaji anafungua banda, anakuta vifaranga wamerundikana kwenye kona moja, wa chini wamekufa kwa kukosa hewa. Baridi imewaua, anasema. Mimi huuliza kwanza: mlango wako una ufa?

Niliitwa na mama mmoja aliyekuwa ameziba banda kwa turubai na magunia mpaka kwenye kenchi, ndani akaweka sigiri mbili. Nilitoka machozi yakinitiririka. "Daktari, nimewafunika kama wanangu," akasema. Nikamwomba achuchumae, pua yake ifike usawa wa vifaranga. Hakumaliza dakika moja. Ile harufu inayochoma macho ni amonia, hutoka kwenye kinyesi kilicholowana, nayo huunguza njia ya hewa ya kuku hadi mafua yakapata pa kuingilia. Sigiri nazo zina gesi yake, kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, hata makaa yakiwa mekundu na moshi umekwisha. Banda lililozibwa kote huua kuku, na anaweza kufa hata mtu aliyekwenda kuwalinda.

Tukawasha mshumaa, tukautembeza taratibu sakafuni kandokando ya ukuta. Tulipofika mlangoni mwali ukalala. Palikuwa na ufa wa vidole viwili, usawa uleule wanapolala vifaranga. Kumbe alikuwa ameziba juu, hewa chafu isipate pa kutokea, na chini upepo unapita upendavyo!

Kwa hiyo chini pazibwe, juu paheme. Ukuta wa tofali au udongo ufike kiunoni, uwe hauna nyufa, na juu yake uweke wavu. Pazia la gunia lifungwe kwa chini na livutwe kwenda juu, hivyo nafasi inayobaki wazi, hata ya kiganja kimoja, iwe chini ya paa. Wengi hulining'iniza kama pazia la dirisha la sebuleni, na upepo huingilia chini.

Ndani ya bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga, zungushia kadibodi au mabati iwe duara, wakose kona ya kurundikana. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kama 3 kila wiki. Kama huna kipimajoto, waangalie wenyewe. Wakisongamana kwenye chungu cha makaa, wanaona baridi. Wakikimbilia ukingoni midomo wazi, umezidisha. Wakijikusanya wote upande mmoja, rudi na mshumaa wako, kuna upepo upande wa pili. Makaa yawashe nje, na bruda ipate joto saa kadhaa kabla vifaranga hawajafika, si baada ya kufika.

Sakafuni tandika maranda au maganda ya kahawa, unene wa sentimita 5 hadi 10. Chukua konzi moja ukamue: yakishikana kama donge, yameshalowa, toa sehemu hiyo leo. Mara nyingi mkosaji ni chombo cha maji kinachovuja.

Kuku wakubwa wasikusumbue sana. Manyoya yao yanatosha kama wako pakavu, wana vijiti vya kulalia, na jioni wamepata mahindi ya kuparaza.

Na vifaranga wakiendelea kufa ilhali wametapakaa vizuri, wana joto na hakuna upepo, usiongeze makaa. Huenda ni ugonjwa, kama kideri au Gumboro. Funga wawili waliokufa usiku huo kwenye mfuko, nawa mikono, uwalete kwa daktari wa mifugo asubuhi hiyohiyo.