Folda za kusheya ofisini: yanayosemwa na ukweli wenyewe

"Nimempa Full Control (ruhusa zote) kwenye share, mbona bado anakataliwa?" Hili naulizwa kila siku. Jamani, kwenye Windows kuna milango miwili, mmoja ni ruhusa za share, yaani za kuifikia folda kupitia mtandao, na wa pili ni ruhusa za NTFS, mfumo wa Windows wa kutunza mafaili kwenye diski, zilizowekwa kwenye folda yenyewe, na mtu akija kupitia mtandao lazima apite yote miwili, kwa hiyo unaobana zaidi ndo unashinda. NTFS ikisema asome tu basi atasoma tu, hata kusevu hawezi. Ila akikaa kwenye ile ile kompyuta yenye folda na kuifungua toka humo humo, mlango wa share haumhusu kabisa, inabaki NTFS peke yake, ndo maana ulinzi wa kweli uweke hapo.

Lingine ni hili la kuamini ukimwingiza mtu kwenye grupu basi palepale anapata. Hapana. Windows inasoma magrupu yako wakati unalogini, baada ya hapo unatembea na orodha ile ile. Kuna dada wa uhasibu alihangaika asubuhi nzima, faili la malipo anaambiwa hana ruhusa, na fundi kwa kukata tamaa akawapa Everyone, lile grupu la watu wote, kila kitu. Yaani ofisi nzima ikawa inaweza kufuta vocha, wakati dada alitakiwa alogauti tu na kulogini upya! Iliniuma sana, maana ile Everyone ilikaa miezi na hakuna aliyekumbuka kuitoa.

Wengine wanaweka alama ya dola mwishoni, mishahara$, wanaona wameficha. Imefichwa kwenye orodha tu, mwenye kulijua jina akiandika \\seva\mishahara$ na ruhusa anayo, anaingia.

Halafu kuna "sisi mtandao wetu ni wa ndani, nani atatufuata". WannaCry ya Mei 2017, kirusi kinachofunga mafaili na kudai pesa, ilikuwa inaruka yenyewe toka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia tundu la SMB toleo la 1, SMB ikiwa ndo njia ambayo Windows inasheya mafaili kwenye mtandao, na Microsoft walishatoa kiraka cha kuliziba tangu Machi mwaka huo huo, watu hawakuweka. Na virusi vya aina hiyo vikiingia kwa mtu wa mapokezi vinafunga pia kila folda ya seva ambayo yeye anaweza kuandika, kwa hiyo kama kazi yake kwenye mikataba ni kuangalia tu, grupu lake lipe kusoma tu, na hiyo SMB 1 kama bado ipo izime leo.